Mfupa Mdogo, Maumivu Makubwa: Historia ya Kifandugu na Akina Mama

SEHEMU YA 1: MFUPA WENYE JINA LA NDEGE

 Wiki hii nataka tuzungumzie maumivu ambayo mama wengi wanayabeba na hawayasemi, kwa sababu hata pa kuyaonyesha pana aibu. Ni yale ya chini kabisa, mwisho wa mgongo, juu kidogo ya njia ya haja kubwa. Ukikaa yanachoma. Ukitaka kunyanyuka ndiyo yanazidi. Labda uliteleza bafuni ukaangukia makalio. Labda ulijifungua wiki tatu zilizopita, na kila unayemwambia anakujibu "ni uzazi tu, utapoa".

Mfupa unaouma hapo unaitwa kifandugu. Wengine wanauita kitokono, wengine mfupa wa mkia. Leo nitakueleza habari zake kwa njia ya historia. Ukijua watu walivyoyachukulia maumivu haya tangu zamani, utaelewa kwa nini hata leo mama akisema "naumia nikikaa" anaweza kuambulia kicheko. Na utajua kipi kilijaribiwa kikashindikana na kipi kinasaidia kweli.

Kwanza tukijue chenyewe. Kifandugu ni pingili ndogo zilizoshikana, mara nyingi nne, wengine wanazo tatu au tano. Kwa udogo wake unaweza kudhani hakina kazi. Kazi kinayo. Misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayobeba kibofu, mji wa mimba na mwisho wa utumbo, imejishikiza hapo. Sehemu ya misuli ya makalio nayo imejishikiza hapo.

Halafu kuna suala la kukaa. Ukikaa, mwili wako ni kama sufuria juu ya mafiga matatu: mifupa miwili ya makalio, kulia na kushoto, na kifandugu kwa nyuma. Ukiinama mbele kidogo, yale mawili ya mbele yanabeba karibu mzigo wote. Ukijiegemeza nyuma kama uko kwenye kochi, figa la tatu linalemewa. Ishike hiyo picha ya mafiga, tutaihitaji mbele.

Jina la kitaalamu, koksiksi, limetoka kwa Wagiriki wa kale. Neno lao lilikuwa la ndege kekeo, kwa sababu waliona mfupa huu umepinda kama mdomo wake. Kekeo ni wa ukoo mmoja na dudumizi wetu, yule anayelia mvua ikikaribia. Yaani mfupa unaokusumbua wewe wa Mbagala au Kisauni una jina la ndugu yake dudumizi.

SEHEMU YA 2: KABLA YA KITANDA

Zamani wanawake hawakuzaa wakiwa wamelala chali. Misri ya kale walichuchumaa au kupiga magoti juu ya matofali maalumu. Tofali moja la namna hiyo, lenye michoro ya mama na mtoto wake, lilichimbuliwa Abydos, na umri wake unazidi miaka 3,500. Ulaya nako, kwa karne nyingi, wakunga walitembea na kigoda cha kuzalia, kiti kifupi chenye uwazi katikati.

Mabadiliko makubwa yanahusishwa sana na daktari Mfaransa, François Mauriceau. Mwaka 1668 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu magonjwa ya wajawazito, na humo alishauri mama azalie kitandani, ameegemea, badala ya kwenye kigoda. Sababu zake zilikuwa na maana kwake: mama apumzike, na anayemzalisha aone na afikie vizuri. Taratibu wanaume madaktari waliingia kwenye kazi iliyokuwa ya wakunga, na kitanda kikashinda kigoda. Baadaye mama akalazwa chali kabisa, miguu juu.

Sasa hilo linahusiana nini na kifandugu? Linahusiana sana. Kichwa cha mtoto kinapopita, kifandugu kinatakiwa kisogee nyuma kidogo kumpisha. Ukiwa umechuchumaa, umepiga magoti au umelalia ubavu, kina nafasi ya kufanya hivyo. Ukiwa umelala chali juu ya kitanda kigumu, uzito wako mwenyewe unakibana. Mtoto anasukuma kwa ndani, kitanda kinasukuma kwa nje.

Sisemi kwamba kila anayezaa chali anaumia kifandugu. Wengi hawaumii kabisa. Lakini mlalo ule ulichaguliwa zaidi kwa ajili ya macho na mikono ya mzalishaji, na nyonga ya mama haikuulizwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma wakati wa uchungu, na humo linahimiza mama aachiwe achague mkao anaoutaka, ikiwemo ya wima. Karne tatu na nusu baada ya Mauriceau, tunarudi kule kule kwa bibi zetu.

SEHEMU YA 3: KOLEO LILILOFICHWA

Hii hadithi naipenda na inaniuma kwa pamoja. Mwaka 1569 familia ya Chamberlen ilikimbia Ufaransa kwa sababu ya dini ikahamia Uingereza. Watu wa familia hiyo wakawa wazalishaji maarufu, kwa sababu walikuwa na chombo ambacho wengine hawakuwa nacho: koleo la uzazi, vijiko viwili vya chuma vya kushika kichwa cha mtoto na kumvuta.

Walifanyaje na siri hiyo? Waliificha. Kwa zaidi ya miaka mia moja, kizazi kwa kizazi, hawakumwonyesha mtu. Inasimuliwa kwamba walikuwa wanakuja na sanduku kubwa, wanafunika kila kitu kwa shuka, na mama mwenyewe wanamfunga macho. Siri ilipovuja karne ya 18, makoleo yalienea Ulaya nzima. Mwaka 1813 makoleo yao ya asili yalikutwa yamefichwa chini ya sakafu ya nyumba waliyokuwa wakiishi huko Essex.

Koleo liliokoa watoto wengi na mama wengi, na sisi watu wa wodi ya wazazi tunaheshimu hilo. Lakini linaongeza nguvu inayopita kwenye nyonga. Daktari wa Paris, Jean-Yves Maigne, alichunguza wanawake 57 waliopata maumivu ya kifandugu baada ya kujifungua, akachapisha matokeo mwaka 2012. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamezalishwa kwa chombo. Na kwa baadhi yao kifandugu kilikuwa kimetoka mahali pake wanapokaa.

Kwa hiyo mama uliyevutiwa mtoto kwa vakyumu au koleo, kisha ukaanza kuumia ulipokaa kwa mara ya kwanza, usiambiwe unajidekeza. Maumivu yako yana chanzo, na chanzo chenyewe kinafahamika.

SEHEMU YA 4: KISU, KISHA JINA

Tuje karne ya 19. Mwaka 1844, katika jarida la kitabibu la New Orleans, Marekani, daktari Josiah Nott alieleza jinsi alivyomkata mgonjwa kifandugu ili kumwondolea maumivu. Angalia huo mwaka. Etha ya kumlaza mgonjwa ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846. Kwa hiyo huyo mgonjwa alikatwa miaka miwili kabla ya hapo. Hebu fikiria maumivu yalikuwa ya namna gani hadi mtu akubali hilo.

Na Nott huyu huyu alikuwa anamiliki watumwa, na mwaka 1854 alishirikiana kuandika kitabu kikubwa cha kudai kwamba watu weusi na weupe si wa asili moja. Nakutajia hilo kwa sababu linafundisha jambo kuhusu sisi wahudumu wa afya. Mtu anaweza kuwa na sikio kali kwa maumivu ya mgonjwa mmoja, akawa kiziwi kwa mwingine. Nani anasikilizwa, nani anaambiwa avumilie: hilo swali bado liko kwenye madirisha yetu ya kliniki.

Miaka michache baadaye, Edinburgh, Uskoti, alikuwepo daktari wa wanawake James Young Simpson. Ndiye aliyeanza kutumia klorofomu kupunguza uchungu wa uzazi, mwaka 1847. Wapo waliompinga, wakisema uchungu wa kuzaa haufai kuondolewa. Mwaka 1853 Malkia Victoria mwenyewe akaitumia akijifungua, na kelele zikapungua.

Basi Simpson huyo, aliyeamini kwamba uchungu wa mwanamke unastahili dawa, ndiye mwaka 1859 aliyeyapa maumivu ya kifandugu jina lake la kitabibu. Leo tunayaita koksidinia, maana yake ni maumivu ya kifandugu, basi. Dalili zenyewe ni zile zile tunazoziona hadi sasa: mama anakalia tako moja, anaegemea mkono, anasita kabla ya kunyanyuka.

Unaweza kusema, jina litanisaidia nini? Linasaidia. Kisicho na jina hakiandikwi kwenye kadi yako ya kliniki, na kisichoandikwa kwenye kadi hakitibiwi.

SEHEMU YA 5: "NI MAWAZO YAKO TU"

Baada ya jina ungetegemea mambo yawe mazuri. Hayakuwa. Madaktari wengi walianza kukata vifandugu, na matokeo yakatofautiana sana. Wengine walipona, wengine wakabaki na maumivu yale yale pamoja na kidonda kilichoko karibu na njia ya haja, mahali ambapo vijidudu vinaingia kirahisi.

Upasuaji uliposhindwa, baadhi ya madaktari hawakusema "hatujui bado". Walisema mgonjwa ana histeria. Neno hilo limetokana na Kigiriki, na maana yake inaanzia kwenye mji wa mimba. Yaani mwanamke akiumia na daktari asipoona kitu, basi kosa ni la kizazi chake na akili yake. Na kwa kuwa wanaougua kifandugu wengi ni wanawake (makadirio yanayotumika sana ni kwamba wanawake ni mara tano ya wanaume), hilo jibu lilikuwa rahisi mno kulitoa.

Hata eksirei, iliyogunduliwa na Röntgen mwaka 1895, haikuwatetea. Kwa nini? Mgonjwa alipigwa picha amelala au amesimama. Maumivu yanakuja akiwa amekaa! Picha inatoka safi, mama anarudishwa nyumbani.

Mwaka 1937 ikaja hatua nzuri. Daktari George Thiele wa Kansas City alionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi misuli inayozunguka kifandugu imekaza, na akaeleza namna ya kuikanda kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa ili ilegee. Najua umekunja uso. Lakini hii ni tiba halali, inafanywa hadi leo na wataalamu wa fiziotherapia waliofunzwa, kwa ridhaa yako na kwa faragha. Si kitu cha kufanyiwa na mtu yeyote tu mtaani.

SEHEMU YA 6: JIPU LA WANAJESHI NA KITI CHA PARIS

Kabla ya kwenda mbele, tutenganishe magonjwa mawili yanayokaa jirani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanajeshi wa Marekani kwa maelfu walilazwa kwa majipu yaliyotokea kwenye ufa wa makalio, juu ya kifandugu. Madaktari wakauita ugonjwa wa jeep, wakidhani ni ile mitikisiko ya magari. Hilo si jeraha la mfupa, ni tatizo la ngozi na vinyweleo vinavyoingia ndani yake. Ukiona uvimbe, wekundu, usaha au homa pale, usikae unakanda. Nenda ukapasuliwe jipu.

Sasa turudi kwenye mfupa. Mwaka 1983 madaktari wawili wa Kiitaliano, Postacchini na Massobrio, walionyesha kwamba vifandugu vya watu havifanani. Waliviweka kwenye makundi manne kulingana na vilivyopinda, na vilivyopinda sana vilionekana zaidi kwa wenye maumivu.

Kisha miaka ya 1990, yule Maigne wa Paris akafanya jambo ambalo ukilisikia unasema, mbona ni la kawaida tu? Alimpiga mgonjwa eksirei amesimama, halafu akampiga nyingine amekaa, amekaa kwa namna ile inayomuuma. Akalinganisha. Kwa sehemu kubwa ya wagonjwa akaona tofauti: kwa mwingine kifandugu kinapinda kupita kiasi anapokaa, kwa mwingine kinateleza kutoka kwenye kiungo chake na kurudi anaposimama.

Miaka zaidi ya mia moja ya kuambiwa "huna kitu" ilijibiwa kwa kumwambia mgonjwa akae kwenye kiti. Walichohitaji muda wote ni mtu wa kuwauliza, "unaumia ukifanya nini?" kisha awapime wakiwa wanafanya hicho hicho.

SEHEMU YA 7: SASA WEWE UFANYE NINI NYUMBANI

Habari njema kwanza: walio wengi wanapona bila kukatwa. Kifandugu kilichochubuka huchukua kama wiki nne. Kilichopasuka huchukua wiki 8 hadi 12. Hakifungwi plasta ngumu, hakuna namna ya kukifunga. Kazi yako ni kukipunguzia mzigo wakati mwili unajijenga.

1. Rudi kwenye mafiga. Ukikaa, inama mbele kidogo, mzigo uende kwenye mafiga mawili ya mbele. Ukitaka kunyanyuka, inama mbele kwanza ndipo usimame. Usikae zaidi ya nusu saa bila kusimama.

2. Mto. Mto wa duara wenye tundu katikati wengi wanaununua, lakini kwa baadhi kifandugu bado kinagusa. Unaofaa zaidi ni wenye pengo nyuma, kama herufi U. Fundi wa magodoro anakukatia kipande cha sponji ngumu kwa bei ndogo tu. Pengo likae nyuma, chini ya kifandugu.

3. Kunyonyesha. Hapa ndipo mama wengi wanaumia, maana unakaa kutwa. Nyonyesha ukiwa umelala ubavu, mtoto kifua kwa kifua. Usiku pia lala ubavu, na mto katikati ya magoti.

4. Barafu, kisha joto. Siku mbili tatu za kwanza baada ya kuanguka, funga barafu kwenye kitambaa uweke dakika 15, mara kadhaa kwa siku. Baadaye joto linasaidia misuli kulegea. Najua nyumbani kuna mama mkwe au shangazi anayekuja kukukanda maji ya moto. Mheshimu, mshukuru, lakini mwambie maji yawe ya kiasi ambacho mkono wake unavumilia. Tumepokea wodini mama walioungua. Na kama una mshono, asikande juu yake.

5. Choo. Choo kigumu kinakifanya kifandugu kilie. Kunywa maji, kula papai, mboga za majani, maharage, dona badala ya sembe. Usijikamue.

6. Dawa. Parasetamo ni salama kwa anayenyonyesha: vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Ibuprofeni nayo inaruhusiwa kwa anayenyonyesha kama huna vidonda vya tumbo. Mjamzito usiinywe bila kumuuliza mhudumu wako.

7. Bodaboda na daladala ya kiti cha nyuma: pumzika navyo kwa wiki hizi kama unaweza. Kibao cha mbuzi na kigoda kifupi pia. Nazi akune mwingine. Akina baba, hapo ndipo mnaposoma kwa sauti.

SEHEMU YA 8: LINI UENDE HOSPITALI, NA UKIFIKA USEMEJE

Nenda siku hiyo hiyo kama umekufa ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, mkojo au haja inatoka bila wewe kujua au mkojo umegoma kutoka, miguu imeishiwa nguvu, au una homa pamoja na uvimbe pale. Hizo ni dalili za mishipa ya fahamu kubanwa au usaha, na hazisubiri Jumatatu. Mjamzito ukianguka, nenda ukapimwe wewe na mtoto hata kama kifandugu hakiumi sana.

Nenda, bila haraka hiyo, kama umefanya yote ya Sehemu ya 7 kwa wiki sita na hali ni ile ile, au maumivu yanakuamsha usiku hata ukiwa umelala ubavu, au unapungua uzito bila sababu.

Hospitali kuna nini zaidi? Kuna fiziotherapia, pamoja na ule mkando wa Thiele. Mwaka 2006 Maigne alipima tiba ya mikono ya kifandugu kupitia njia ya haja kubwa kwa kuilinganisha na tiba ya kuiga, akakuta inasaidia, ingawa kwa kiasi kidogo tu, kwa hiyo mtu asikuuzie kama muujiza. Kuna sindano ya ganzi na steroidi karibu na kifandugu. Upasuaji ni wa mwisho kabisa, kwa wachache ambao vingine vyote vimeshindikana. Siku hizi wagonjwa wanachaguliwa kwa uangalifu, na wanaotolewa kifandugu baada ya kuonekana kwenye picha kwamba kinateleza wanapata nafuu zaidi kuliko wale wa zamani.

Sasa kusema. Najua dirishani kuna foleni na aibu inakushika. Usiseme tu "mgongo unauma", maana utaandikiwa dawa ya mgongo. Sema hivi: "Naumia kifandugu. Nilianguka tarehe fulani," au "Nilianza baada ya kujifungua, nilivutiwa mtoto kwa vakyumu. Naumia nikikaa na nikinyanyuka, nikisimama naona nafuu. Naomba nipimwe, na kama ni eksirei, naomba ipigwe nikiwa nimesimama na nikiwa nimekaa." Kama una mimba au unahisi unayo, sema kabla ya picha.

Na wewe unayetarajia kujifungua, muulize mkunga wako mapema, ukiwa bado kliniki: "Nikifika wakati wa kusukuma, naweza kulala ubavu au kupiga magoti?" Kama uliwahi kuumia kifandugu huko nyuma, mwambie aandike kwenye kadi.

Sehemu hii mtumie dada au wifi aliyejifungua hivi karibuni. Ukimwona anakalia tako moja na kusema "nipo sawa tu", mletee ile sponji yenye pengo, umshike mtoto, yeye alale ubavu kidogo.

Wiki ijayo tutazungumzia misuli ya sakafu ya nyonga na mkojo unaotoka ukicheka au ukipiga chafya. Nalo hilo wengi wanalificha.